Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi letu)



Tumepewa nafasi hii tuseme habari za duka letu, lile lililofungwa. Wengi mnauliza, je, litafunguliwa tena? Kabla ya kujibu, yafaa tuseme kwa nini lilikufa, maana mgonjwa hapewi dawa kabla ugonjwa wake haujajulikana.

Wengine husema duka lililogwa. Wengine husema wenye maduka ya jirani walitupiga vita. Ndugu zetu, hakuna aliyetuloga. Tuliliua sisi wenyewe, kwa kutojua mambo matatu.

Jambo la kwanza ni hesabu ya faida. Jioni tulipoona sanduku limejaa noti, tulifurahi tukasema, "Faida imeingia!" Kumbe nyingi za fedha zile zilikuwa za kununulia mali nyingine. Chukueni mfano wa gunia la sukari la kilo 50. Tuseme tumelinunua kwa shilingi 6,500, na mkokoteni shilingi 150. Jumla ni 6,650. Tukiuza kila kilo kwa shilingi 145, twapata 7,250. Basi kilichozidi ni shilingi 600 tu. Kilo moja ikipotea katika mizani, zabaki 455. Na mtu akichukua kilo 3 kwa deni asilipe, zimekwenda 435. Zimebaki shilingi 20 kwa gunia zima! Wala hapo muuza duka hajapata mshahara, na kodi ya nyumba haijalipwa.

Jambo la pili ni deni. Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Mwanachama alikuja tarehe 20, mfukoni hana kitu, watoto wana njaa. Tulimwonea huruma, kwa kuwa sisi sote twajua tarehe 20 ilivyo. Lakini siku ya mshahara alipita upande wa pili wa barabara, akanunua kwa fedha taslimu katika duka lingine, kwa aibu ya deni letu. Hivyo tulipoteza mali, tukapoteza na mnunuzi.

Taabu hii haikuanza kwetu. Huko Uingereza, katika mji wa Rochdale, wafanya kazi walifungua duka la ushirika mwaka 1833. Lilifungwa mwaka 1835, na mikopo ndiyo iliyoliangusha. Ndipo mwaka 1844 watu 28, wakiwamo wafumaji wa nguo, walipojaribu tena. Walichanga kidogo kidogo hata wakapata pauni 28. Usiku wa tarehe 21 Desemba walifungua duka katika njia iitwayo Toad Lane, wakiwa na siagi, sukari, unga, shayiri iliyosagwa na mishumaa, basi. Watu waliwacheka. Lakini walishika kanuni zao: kuuza kwa fedha taslimu, kupima sawasawa, kila mwanachama kura moja, na faida kugawanywa kwa kadiri ya manunuzi ya kila mmoja. Duka lile likakua, na vyama vya ushirika vya nchi nyingi vimefuata kanuni zao.

Jambo la tatu ni daftari. Sisi wa reli twajua kwamba dereva hatoki stesheni bila kibali cha njia, hata kama anaiona njia iko wazi. Mbona fedha zetu zilitoka bila kibali? Leo mmoja alichukua nauli, kesho mwingine alichukua soda, na hakuna aliyeandika. Tulipokaa kuhesabu, vitu vilivyokosekana vilikuwa vingi kuliko vilivyoandikwa.

Na sasa, ndugu, tuseme neno lililo zito. Tulipokusanya vile vikaratasi vya deni, tuliona kwamba waliodaiwa zaidi si wanachama wa kawaida. Ni sisi wa kamati. Sisi tuliokuwa na ufunguo ndio tuliokula kwanza. Kuna mama mjane hapa aliyeweka hisa za marehemu mumewe katika duka lile, naye hakukopa hata kibiriti kimoja. Kwake hatuna la kujitetea. Tumekwisha kuanza kulipa, kila mwezi siku ya mshahara, na majina yetu na yale tuliyolipa yamebandikwa ukutani. Nendeni mkasome.

Kwa hiyo, kama mwataka duka lifunguliwe, twaomba mpige kura juu ya mambo haya. Kwanza, hakuna kukopesha, hata mwenyekiti. Mwenye shida asaidiwe kwa mfuko wa mchango, si kwa mali ya duka. Pili, anayeshika fedha asiwe yule anayeandika daftari. Tatu, mali ihesabiwe kila mwisho wa mwezi mbele ya wanachama wawili wasio wa kamati, na hesabu isomwe mkutanoni. Nne, mtu yeyote anayedaiwa na duka la zamani asichaguliwe katika kamati mpya mpaka amalize kulipa. Na sisi tumo.

Msipokubali haya, heri mlango ubaki na kufuli. Mkikubali, tuanze na sukari, unga na sabuni, tuone. Haba na haba hujaza kibaba.