Wakati Ujao Haukai Kwenye Kiambishi



Nimeombwa nizungumzie namna kitenzi cha Kispania kinavyobadilika kutoka njeo moja hadi nyingine, kwa faida ya watoto wetu wanaoisoma lugha hiyo katika shule za hapa Sweden. Nitafanya hivyo. Lakini ipo hoja moja ambayo imetukalia kwa zaidi ya nusu karne, na nisipoiondoa kwanza, hakuna nitakalosema kuhusu Kispania likasimama.

Ni hoja ya Profesa John Mbiti, Mkamba wa Kitui, katika kitabu chake *African Religions and Philosophy* cha mwaka 1969. Alidai kwamba kwa Mwafrika wa jadi wakati una pande mbili, uliopita ambao ni mrefu sana na wa sasa, na kwamba wakati ujao karibu haupo. Ushahidi wake mkubwa ulikuwa vitenzi. Alizipanga njeo za Kikamba na Kigikuyu katika jedwali, akasema zile za wakati ujao hufika miezi sita hivi, na zikivutwa sana hazivuki miaka miwili. Pande zake mbili za wakati akazipa majina ya Kiswahili, Sasa na Zamani.

Namheshimu Mbiti. Aliwalazimisha wanatheolojia wa Ulaya wasome fikra za Kiafrika kwa uzito uleule wanaosomea fikra zao. Mwanafalsafa Kwame Gyekye wa Ghana alikwisha kumjibu kwa ushahidi wa lugha ya Kiakan. Mimi nataka niijaribu hoja hapa hapa tulipo, Fisksätra.

Tuanze na wenyeji wetu. Kitenzi cha Kiswidi hakina umbo la wakati ujao hata moja. Kina umbo la sasa na umbo la zamani, basi. Mswidi akitaka kusema atasafiri kesho, hutumia umbo la sasa na kulitaja neno kesho, au huazima vitenzi saidizi, *ska* na *kommer att*. Tukiyapima mawazo ya watu kwa viambishi vyao, Waswidi hawana kesho kabisa. Na watu hao hao, kati ya mwaka 1965 na 1974, walijiwekea lengo la kujenga nyumba milioni moja kwa miaka kumi, wakalitimiza. Maghorofa ya Fisksätra yalijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika mpango huo. Kila siku mnalala ndani ya wakati ujao wa watu wasio na njeo ya wakati ujao.

Kisha Kispania. Jedwali lina *cantaré*, nitaimba, lakini katika mazungumzo ya Amerika ya Kusini utasikia zaidi *voy a cantar*, yaani naenda kuimba. Umbo lenyewe la wakati ujao mara nyingi hufanya kazi ya kukisia. Msemaji akisema *serán las ocho*, anakisia saa iliyopo sasa. Na sisi je? "Itakuwa saa mbili hii." "Mtoto atakuwa amelala." Kiambishi cha kesho kinabeba dhana ya leo, katika lugha mbili zisizo na undugu wowote. Aliyejenga falsafa ya wakati juu ya kiambishi cha namna hiyo amejenga juu ya mchanga.

Isitoshe, Mbiti alichukua majina ya Kiswahili, lakini vipimo akavitoa kwenye Kikamba na Kigikuyu. Angekipima Kiswahili angekuta kwamba -ta- haina mpaka. "Nitakuja jioni" na "itapita miaka elfu" hutumia kiambishi kimoja. Angekuta pia kesho, keshokutwa, mtondo na mtondogoo, majina ya siku nne zijazo mfululizo, wakati Kispania kikivuka *pasado mañana* huanza kuhesabu siku kwa tarakimu. Wataalamu wengi wanaona -ta- imetokana na taka, kama *cantaré* ilivyotokana na *cantar* na kitenzi *haber*. Mataifa hutengeneza njeo zao kwa vitenzi vya kawaida vilivyochakaa kwa kutumiwa. Urefu wa macho ya watu hausomeki humo.

Sasa kitenzi chenyewe, na hapa nitakaa na mwandishi mmoja kwa sababu anastahili. Andrés Bello alizaliwa Caracas mwaka 1781. Kwa muda alikuwa mwalimu wa Simón Bolívar. Mwaka 1810 alitumwa London kuitafutia Venezuela msaada, akakaa huko miaka 19, mingi yake ya dhiki. Mwaka 1829 akahamia Chile, akawa mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Chile na mtungaji wa sheria za madai za nchi hiyo za mwaka 1855. Mtu huyu aliyeishi ugenini karibu utu uzima wake wote ndiye aliyekielewa kitenzi cha Kispania kuliko waliozaliwa Madrid.

Mwaka 1841, mjini Valparaíso, alichapisha uchambuzi wake wa njeo, na mwaka 1847 ikatoka sarufi yake kubwa, aliyowaandikia watu wa Amerika. Waliomtangulia walirithi majina ya Kilatini, timilifu na isiyo timilifu, ambayo hayamwambii mwanafunzi tendo lilitokea lini. Bello aliuliza swali moja tu: tendo hili limesimama wapi likilinganishwa na jingine? Ama limetangulia, ama linakwenda sambamba, ama linafuata. Akaweka *ante-*, *co-* na *pos-*. *Canté* ni *pretérito*. *Cantaba* ni *copretérito*, tendo linalokwenda sambamba na jambo lililopita. *Había cantado* ni *antecopretérito*. *Habré cantado* ni *antefuturo*. Jedwali zima, njeo 10 za hali ya taarifa, linajengeka kwa majibu hayo matatu. Mexico bado wanasema *copretérito* madarasani.

Yasikilizeni majina hayo kwa masikio ya Kiswahili. Alikuwa akiimba: "alikuwa" inatuweka katika wakati uliopita, -ki- inasema tendo linakwenda sambamba. Hiyo ni *copretérito*, imetamkwa kipande kwa kipande. Alikuwa ameimba ni *antecopretérito*. Atakuwa ameimba ni *antefuturo*. Kispania kimeificha hesabu hii ndani ya -aba, hata ikabidi Bello aifichue. Kiswahili kinaitamka hadharani. Sarufi za Kiswahili tunazo: Steere alitoa kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, miaka mitano baada ya Bello kufariki, na Ashton mwaka 1944 akazieleza -ki- na -ka- kwa ustadi mkubwa. Pamoja na hayo, nashikilia kwamba sarufi inayokifaa zaidi kitenzi cha Kiswahili ni hii ya Bello, ambaye hakuiandika kwa ajili yetu.

Nilipokuwa nikiishi hapa nilikuwa na jirani, mama wa Kichile aliyefika baada ya mapinduzi ya Septemba 11, 1973. Tulikuwa tukikutana katika chumba cha kufulia, naye akinisimulia utoto wake. *De niña iba al puerto con mi padre y miraba los barcos. Un día llegó uno grande y mi padre subió.* Nyumbani niliisimulia tena, na Kiswahili kikajipanga chenyewe: nilikuwa nikienda bandarini na baba, nikitazama meli, siku moja ikaja kubwa, baba akapanda. Pale pale palipogeuka Kispania ndipo palipogeuka Kiswahili. Mswidi ana *gick*, *tittade*, *kom* na *steg*, umbo moja la zamani kwa yote, na ndiyo maana mwanafunzi Mswidi huhangaika mno na tofauti ya *iba* na *fui*. Mama yule pia alinisemesha kwa *cantái* na *sabís*, yaani unaimba na unajua, namna ya Kichile ambayo Bello aliipiga vita. Kwa hilo sikubaliani na Bello.

Lugha hizi hazifanani kila mahali. Amekaa si *se ha sentado*. Ni *está sentado*. Kispania husema *dijo que cantaría*, sisi husema "alisema ataimba", tukiiacha kesho ya msemaji mahali pake. *Quiero que cante* ni "nataka aimbe", sawasawa, lakini "nilitaka aimbe" haibadiliki ilhali Kispania hudai *cantara*. "Hajaimba" kwetu ni neno moja. Wao huongeza *todavía*. Na *tengo, tuve, tendré* hakuna njia ila kukariri. Hiyo ni kazi ya kumbukumbu, na watoto wana kumbukumbu.

Kwa hiyo wazazi, msikubali mtoto aambiwe kwamba Kiswahili kitamchanganya katika Kispania. Kinyume chake ndicho kweli, ilimradi Kiswahili anacho. Sheria ya shule ya Sweden inampa haki ya kufundishwa lugha anayoitumia kila siku na mzazi wake, na manispaa hulazimika kuandaa somo wakipatikana watoto watano na mwalimu anayefaa. Semeni nao Kiswahili kila siku, kisha nendeni mkawaandikishe. Nanyi walimu wa Kispania, chukueni jedwali la Bello, mwongeze safu moja ya Kiswahili pembeni, mlibandike ukutani darasani.