Mti Mmoja Hauanguki Peke Yake



Tumeombwa kusema machache juu ya mwitu. Labda mwingine wenu atauliza, "Reli na mwitu, wapi na wapi?" Ndugu, zamani magari yetu ya moshi yalikula kuni, na kuni zilitoka mwituni. Tena mwaka 1956 reli ilifika Kasese, magharibi ya Uganda. Si mbali sana na hapo uko mwitu wa Kibale, na habari za mwitu huo ndizo tunazowaletea.

Katika miaka ya 1968 na 1969 sehemu fulani za Kibale zilikatwa miti. Haikukatwa yote, ilichaguliwa ile mikubwa yenye mbao nzuri. Ukisikia hivyo utasema, "Basi, hapana hasara." Nasi tulidhani hivyo. Lakini wataalamu walikwenda kuhesabu. Katika sehemu iliyokatwa sana, miti iliyotolewa ilikuwa kama saba tu kwa kila hekta. Lakini karibu nusu ya miti yote iliharibika.

Kwa nini? Mti mkubwa ukianguka huwaangukia jirani zake. Kamba za mwitu zimeufunga pamoja na mingine, nayo huvutwa. Kisha gogo hukokotwa, na miche hukanyagwa. Sisi watu wa reli tunalijua jambo hili: behewa moja likitoka relini, haliendi peke yake.

Mtasema, pengo likipata jua miti itamea upesi. Sivyo. Pengo likiwa kubwa, vichaka vizito huwahi mahali pale na kuifunika miche. Ndovu hupenda kula humo, nao huikanyaga na kuivunja ile iliyosalia. Panya nao hula mbegu. Miaka mingi ilipita, na mapengo yale hayakufungika.

Wanyama nao hawakupata hali moja. Mbega weusi kwa weupe walistawi palipokatwa. Lakini kima walipungua katika sehemu iliyokatwa sana, na hata baada ya miaka 28 idadi yao haikurudi kama ya kwanza. Palipokatwa kidogo, hasara ilikuwa ndogo zaidi.

Basi, ndugu, neno kubwa si kuchagua mti tu. Ni namna ya kuuangusha. Yafaa kamba zikatwe mapema, upande wa kuangushia upimwe, na njia ya trakta ipangwe kabla ya kazi. Lakini ni nani ashikaye msumeno? Ni mfanya kazi kama sisi. Akilipwa kwa hesabu ya magogo, atapata wapi nafasi ya kufanya hayo? Atakimbilia gogo la pili, kwa kuwa watoto wanangoja chakula. Na kamba ile ile inayovunja mti wa jirani huweza kumwangushia tawi kichwani.

Kibale imekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1993. Lakini huko Kongo miti ya mwitu hukatwa kwa kuchagua hata leo. Kwa hiyo wafanya kazi wa misumeno wakidai mshahara wa mwezi, mafundisho na nafasi ya kufanya kazi polepole, tusiseme hayo si mambo ya reli. Wanadai uhai wao, na mwitu utapona pamoja nao.