Konda Anajua Fizikia

Msikilizaji, ukipanda daladala leo, mwangalie konda anavyoshuka. Gari halijasimama, yeye keshaning'inia mlangoni. Anaachia bomba, anatua, na papo hapo anakimbia hatua tatu nne kuelekea kulekule gari linakokwenda, kifua kakirudisha nyuma kidogo. Kisha anasimama na kuanza kuita abiria, kama vile ameshuka ngazi za nyumbani kwake.

Asiyezoea akimwiga, akaruka na kutaka kusimama hapohapo, atakula vumbi. Nyayo zake zimeshikwa na barabara kwa msuguano, lakini kiwiliwili bado kina mwendo wa gari.

Isaac Newton aliliandika jambo hilo katika kitabu kilichotoka mwaka 1687. Kitu kilichotulia hubaki kimetulia. Kinachokwenda huendelea kwenda, kwa kasi ileile na kwa mstari ulionyooka, mpaka kani kutoka nje ikilazimishe vingine. Mwanafunzi wa sekondari wa Tanzania atakukariria kanuni hiyo kwa Kiingereza bila kumeza mate. Sasa mwulize: dereva akifunga breki ghafla, nani anakusukuma mbele? Hapo ataanza kutafuta kani isiyokuwepo. Na si yeye peke yake, sote tunasema, “breki imenirusha.” Breki haikukurusha. Breki imelizuia gari. Wewe hukuzuiwa na kitu, ukaendelea na safari yako.

Basi konda anayo kanuni miguuni, mwanafunzi anayo daftarini, na wawili hao hawajakutanishwa.

Ingekuwa habari ya alama za mtihani tu, ningenyamaza. Lakini tazama kiti cha mbele cha gari dogo: mama kampakata mwanawe. Ukimuuliza, anajibu, “Nimemshika vizuri.” Tupige hesabu. Mtoto ana kilo 10. Gari linakwenda kilomita 50 kwa saa, mwendo wa kawaida tu wa mjini, yaani karibu mita 14 kwa kila sekunde. Tuseme linagonga na kusimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ili kumzuia mtoto asiendelee mbele, chukua kilo 10, zidisha kwa mita 14, gawanya kwa 0.1. Jibu ni nyutoni 1,400. Ni kama kudaka, kwa kufumba na kufumbua, mzigo wa kilo 140: gunia zima la mahindi la kilo 100, na debe mbili juu yake.

Hakuna mikono ya kuuhimili mzigo huo, hata ya mama. Mkanda na kiti maalumu cha mtoto vimetengenezwa kwa kazi hiyo. Mapenzi hayakutengenezwa kwa kazi hiyo.

Walimu wa fizikia, ombi langu ni dogo. Hesabu hii iandikwe ubaoni kabla ya ile ya kigari kinachoteleza juu ya meza isiyo na msuguano. Meza hiyo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuiona. Daladala wamelipanda asubuhi hii, wamesimama, wameshika bomba.