Hotuba ya Siku ya Kumbukumbu: Guruneti na Watoto Wetu


Jina guruneti limetokana na komamanga kwa Kifaransa, tunda la mbegu nyingi. Jina zuri kwa kitu kibaya. Mwaka 1803 jeshi la Uingereza lilipokea kombora la Henry Shrapnel, lililojazwa risasi ndogo ili lipasuke hewani na kuwanyeshea watu. Mwaka 1915 likaja guruneti la Mills, la chuma chenye mifereji, lenye kuenea kiganjani.

Kwetu hatari ndiyo hiyo: chuma kinachoenea kiganjani, mtoto hukiokota. Lililotupwa lisipasuke bado lina baruti. Mnaorejea nyumbani, mkilikuta shambani msiliguse wala msilirushie mawe. Rudini kwa kufuata nyayo zenu, mkatoe taarifa.