BUNGUA ANAJIFICHA WAPI MAHINDI YAKIISHA?
(Maneno ya Katibu wa Tawi kwenye mkutano wa wanaushirika, Madale)



Ya masika tumevuna, na vuli inakaribia. Mabua yaliyotobolewa tumeyaona sote. Sasa watu wanaulizana: hii miezi ya kiangazi shambani hamna mahindi, mbona mvua ikinyesha tu bungua huyo karudi? Katokea wapi? Wengine wanasema tuchome bonde zima. Basi tulizungumze kabla hatujashika kiberiti.

Bungua ni funza, mtoto wa nondo, yule kipepeo wa usiku. Nondo anataga kwenye jani la muhindi. Funza anakula majani ya katikati, halafu anatoboa bua anaingia ndani. Akishaingia humo, dawa ya kupuliza haimpati. Yupo mmoja msumbufu sana huku pwani, wataalamu wanamwita Chilo partellus. Huyo ni mgeni, katoka Asia. Huku kwetu Afrika alionekana kwanza Malawi miaka ya 1930, kisha akaenea.

Kiangazi bungua ana nyumba mbili. Nyumba ya kwanza ni mabua tunayoyaacha yamesimama. Funza analala humo miezi kadhaa, hali kitu, anangoja mvua. Nyumba ya pili ni mimea ya ukoo wa mahindi iliyobaki mibichi: mtama, mtama mwitu, miwa, na mahindi yaliyojiotea bondeni. Huko halali, anakula na kuzaa. Kunde na mihogo si nyumba yake.

Lakini ndugu zangu, si kila jani ni adui. Chukueni mabingobingo, yale majani ya tembo. Nondo anayapenda, anataga mayai mengi. Kumbe funza akianza kutoboa, jani linatoa utomvu wa kunata, na wengi wanafa. Yaani mabingobingo ni mtego. Wataalamu wa ICIPE, makao yao Nairobi, wanawafundisha wakulima kuyapanda kuzunguka shamba la mahindi, na katikati ya mistari wanapanda desmodiamu, ambayo nondo anaikimbia. Ng'ombe na mbuzi nao wanapata malisho.

Tena wako nyigu wadogo sana wanaotaga mayai ndani ya mwili wa bungua wakamuua. Aina moja ililetwa kutoka Pakistani, ikaachiwa pwani ya Kenya mwaka 1993. Nyigu hao nao wanaishi kwa bungua walioko kwenye majani ya porini. Tukichoma bonde zima, tunamchoma adui pamoja na askari wetu.

Kwa hiyo tunapendekeza mkutano uamue haya:

1. Kila mwanachama akate mabua yake chini kabisa mara baada ya kuvuna. Mabichi yakatwekatwe wapewe mifugo. Yaliyobaki yalazwe chini juani wiki nne, yasisimamishwe wala kurundikwa. Joto linamuua funza.

2. Mabua ya kuni yapikiwe kabla ya mvua. Ya uzio yaanikwe kwanza.

3. Mtama mwitu na mahindi ya kujiotea ving'olewe kando ya mashamba. Mabingobingo yaachwe.

4. Tupande kwa pamoja mvua za kwanza, na tuchanganye kunde.

Tunajua akina mama watauliza: uzio tutajengea nini wiki hizo nne? Ni swali la haki, na vijana wasaidie kukata fito. Lakini kazi hii haifai kufanywa na watu watatu. Nondo anaruka, hajui mpaka wa shamba. Tukifyeka ishirini na mmoja akaacha mabua yamesimama, huyo mmoja ndiye atakayetufugia bungua sote.

Mwenye hoja anyooshe mkono, kisha tupige kura.

Kazi iendelee shambani.