Kura ya Kijiji na Kiburi cha Mji



Tangu yalipotangazwa matokeo ya uchaguzi wa Kongo wa tarehe 20 Desemba 2023, ni nadra kulipata baraza mjini Lubumbashi, au kikundi cha watu wanaoandikiana kwa simu, ambamo ugomvi ule ule haukuzuka: mmoja humtetea Moïse Katumbi na mwingine Rais Félix Tshisekedi, matusi hupanda, urafiki hukatika, na mahasimu hao wakisha kuchoka hukubaliana neno moja tu, kwamba aliyeiharibu nchi ni mtu wa kijijini, apigaye kura kwa kufuata kabila lake, au kwa amri ya sultani wake, au kwa ajili ya kitenge na kilo moja ya chumvi. Ni mapatano ya ajabu haya, ambayo watu wasioafikiana katika jambo lolote huafikiana katika kumdharau mtu wa tatu asiyekuwapo. Na hukumu itolewayo pasipo mshtakiwa kuhudhuria, hata ikisemwa kwa ufasaha namna gani, haistahili kuitwa hukumu.

Makusudi yangu jioni hii ni kumwita mshtakiwa huyo barazani, na kuonyesha kwa ushahidi wa tarehe kwamba aibu hizo mbili anazosingiziwa, ukabila na biashara ya kura, sisi watu wa mjini tuna sehemu kubwa zaidi ndani yake kuliko yeye.

Tuanze na ukabila. Mwezi Desemba 1957 serikali ya Kibelgiji iliwaruhusu Waafrika kuchagua madiwani katika miji mitatu: Léopoldville, Elisabethville, ambayo ndiyo Lubumbashi yetu, na Jadotville, ambayo ndiyo Likasi. Waliopiga kura ni wanaume peke yao, na kijiji hakikuulizwa neno. Kura zilipohesabiwa, umeya wa mitaa ya Waafrika mjini hapa uliwaangukia watu wenye asili ya Kasai na Kivu. Wala hapakuwa na hila katika jambo hilo, kwa kuwa kazi za migodi na za reli zilikuwa zimewavuta watu wengi kutoka pande hizo kwa miaka mingi, nao wakamchagua kila mmoja yule aliyemjua. Lakini wenyeji waliiona hesabu ile kuwa ni unyang'anyi, na mwezi Oktoba 1958 vyama vya makabila ya jimbo la Katanga vikaungana kuwa Conakat, iliyoongozwa kwanza na Godefroid Munongo na baadaye na Moïse Tshombe. Balubakat ya Jason Sendwe, chama cha Waluba wa Katanga kilichokuwa kimejiunga nayo kwa muda, ilijitenga mwezi Novemba 1959. Na ulipofika uchaguzi wa Mei 1960, ambao vijiji navyo vilishiriki, Conakat ikapata viti 25 katika baraza la jimbo lenye viti 60, na muungano wa Balubakat ukapata 23. Tarehe 11 Julai mwaka huo huo Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga, na upande wa kaskazini ukaingia vitani. Basi desturi ya kuhesabu kura kwa ukoo ilipewa chama, mwenyekiti na katibu hapa mjini, kisha ndipo ikapelekwa vijijini.

Wala hatukujifunza. Tarehe 15 Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Kitaifa ulipomchagua Étienne Tshisekedi, mwana wa Kasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguza Karl-i-Bond, mwana wa Katanga, maneno ya majukwaani yaliwageuza majirani zetu kuwa bilulu, yaani wadudu, na watu wenye asili ya Kasai, ambao wengi wao walizaliwa papa hapa, wakatolewa majumbani mwao Likasi na Kolwezi, wakalala vituoni wakingojea treni. Wakulima wa Sakania au wa Kasenga hawakuitunga hotuba hata moja katika hizo. Zilitungwa na wasomi.

Na tuitazame biashara ya kura. Kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2006, gavana na maseneta huchaguliwa na wabunge wa jimbo, watu wachache wajuanao kwa majina, wenye elimu na mishahara. Maseneta walipochaguliwa mwezi Machi 2019, tuhuma za hongo zilienea nchi nzima kiasi kwamba tarehe 18 mwezi huo Rais Félix Tshisekedi na viongozi wenzake walisimamisha kwa muda kusimikwa kwao. Na katika jiji la Kinshasa chama cha Rais mwenyewe, UDPS, kilichokuwa na wabunge 12 wa jimbo, hakikuambulia seneta hata mmoja. Tena mwezi Januari 2024 tume ya uchaguzi, CENI, ilifuta kura za wagombea 82 kwa sababu ya udanganyifu, hongo, na kuweka mashine za kupigia kura kinyume cha sheria, na miongoni mwao walikuwamo mawaziri na magavana. Mwanamke wa Pweto aliyepokea kitenge hakuwa na mashine uvunguni mwa kitanda chake.

Sisemi kwamba mwanakijiji ni malaika. Kitenge hupokelewa, na apokeaye hupoteza haki ya kudai daraja kwa miaka mitano. Jambo hilo ni hasara, na ni wajibu wetu kumwambia. Lakini tumwambie baada ya kuyafahamu mazingira yake. Kadi ya mpiga kura anaichukua kwanza kwa sababu nchi hii haijahesabu watu wake tangu sensa ya mwaka 1984, na kadi hiyo ndiyo kitambulisho chake; asipokuwa nayo atasumbuliwa katika kila kizuizi cha barabarani. Uchaguzi humfikia mwezi Desemba, wakati wa masika, mahindi yakiwa yanadai jembe na njia ya Mitwaba ikiwa ni matope. Sultani wake amekatazwa siasa na sheria ya mwaka 2015, na papo hapo Katiba inaruhusu masultani kuingizwa katika baraza la jimbo, wasiozidi sehemu ya kumi ya wajumbe, hata kila mwanasiasa atokaye mjini hupitia kwanza uani kwake. Basi mwanakijiji anapomchagua "mtoto wetu", hafanyi upumbavu: katika wagombea asiowajua, wa vyama ambavyo sera zao hazikuletwa kwake kwa lugha yake, anamchagua yule mmoja ambaye anaijua nyumba ya mama yake, na ambako ataweza kwenda kulalamika. Nasi wa mitaa ya Katuba, Kenya na Ruashi, wenye redio, magazeti na vyuo, tunamchagua nani?

Ndugu zangu wanafunzi, nakuombeni muubadili ugomvi huu. Badala ya kuuliza kwa nini mtu wa kijijini alipiga kura vile, ulizeni kura yake ilikwenda wapi baada ya kutoka mkononi mwake. Sheria ya uchaguzi inaamuru matokeo ya kila kituo yabandikwe mlangoni pa kituo hicho. Mrudipo makwenu wakati wa uchaguzi ujao, yasomeni, yaandikeni, yalinganisheni na yatakayotangazwa. Daini sensa, daini barabara, daini gavana achaguliwe mbele ya macho ya watu. Raia atakayesaidiwa kuilinda kura yake hataiuza kwa urahisi, na mji utakaomheshimu utakuwa umepata haki ya kumkosoa. Kabla ya hapo, haki hiyo hatuna.