Kikombe Kidogo cha Maziwa
(Maneno ya walimu kwenye mkutano wa Siku ya Wakimbizi)



Kamati imetuomba sisi walimu tuseme juu ya wodi ya watoto wenye utapiamlo mkali. Sababu tunaijua: sisi ndio tuliopiga kelele. Mwaka 2017, tulipovuka kutoka pande za Pweto na Moba na kufikia kando hii ya ziwa Mweru, Puta hadi Nchelenge, tulikuwa na watoto waliovimba miguu na kugeuka nywele, ule ugonjwa ambao ndugu zetu wa Kivu huuita bwaki. Wauguzi waliwapa kikombe kidogo cha maziwa kila baada ya saa tatu, usiku na mchana. Tukasema, hawa wanabania chakula. Baba mmoja alileta bukari na chisense kwa siri ndani ya kitambaa, nasi tukamsifu. Usiku ule mtoto alianza kuhema. Muuguzi wa zamu alimwahi.

Baadaye tuliuliza, tukaelezwa. Mtoto aliyekaa na njaa siku nyingi, moyo na figo zake ni dhaifu, na ukuta wa utumbo umekonda. Ukimshibisha ghafla, chumvi za damu kama potasiamu na fosfati hukimbilia ndani ya chembe za mwili, damu inabaki bila hizo, na moyo unaweza kusimama. Ndiyo maana maziwa ya kwanza, F-75, yana kalori 75 tu katika mililita 100. Hamu ikirudi na uvimbe ukipungua, ndipo anapewa F-100 au siagi ya karanga ya pakiti, tena polepole.

Halafu kuna bakteria. Tumboni mwa kila mtu wamo wengi mno, na wengi wao hutusaidia kumeng'enya chakula. Lakini utumbo ukikonda, wengine hupenya hadi damuni, na mtoto dhaifu anaweza asioneshe hata homa. Kwa hiyo hupewa dawa ya kuua bakteria ingawa hana joto. Wazazi, msiikatae.

Majirani zetu wa Malawi wametufunza zaidi. Watafiti walifuata jozi 317 za mapacha, wakatoa habari zao mwaka 2013. Mapacha hula chungu kimoja, lakini pengine mmoja hupata bwaki, mwenzake hapati. Bakteria wa utumbo wa pacha mgonjwa walitiwa katika panya wasio na bakteria wowote, wakalishwa chakula cha kijijini. Panya wale walikonda sana kuliko waliopata bakteria wa pacha mzima. Siagi ya karanga iliwasaidia, ila waliporudishiwa chakula cha zamani, nafuu ile haikudumu.

Basi wanaume wenzetu, tuache kumtukana mama kwamba ameharibu maziwa kwa kulala na mume. Maneno hayo tumeyasikia hapa hapa kambini, hata vinywani mwa wasomi.

Nanyi wageni wetu, kikombe kile kingeelezwa kwa Kiswahili siku ya kwanza, baba yule asingeficha bukari. Na mama akirudi na mtoto yule yule mwezi wa pili, kabla ya kumwuliza pakiti ameziuza wapi, mwulizeni kwanza nyumbani wanakula nini.